Hamu ya Kuchungulia Siri za Watu

Watu wa pwani waujua ubuyu tangu utoto wao: mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, zikauzwa katika vifuko vidogo, na aanzaye kumung'unya moja haachi hata mfuko uishe. Siku hizi katika Tanzania neno hilo limepata maana ya pili. Mtu akimwambia mwenziwe, "Nina ubuyu," hana mbegu mkononi. Ana habari ya ndoa ya fulani, au ya binti wa fulani. Tena limetokea neno jingine lililo baya zaidi, "koneksheni," ambalo vijana hulitumia kwa video ya faragha ya mtu iliyovuja. Katika makundi ya simu sauti husikika, "Nani anayo koneksheni? Nitumie na mimi." Majina haya mawili yafaa tuyaangalie vizuri, maana kazi yake ni kulainisha jambo. Lau mtu angesema waziwazi, "Nani anazo picha za aibu za mtoto wa jirani, aniletee nizitazame," ulimi ungekuwa mzito. Akisema koneksheni, haoni uzito wo wote.

Hatutasema sana hapa juu ya mwizi wa picha, wala juu ya mwanamume atangazaye picha za mchumba waliyeachana. Hao waovu wajulikana, na sheria zawatafuta. Twataka kusema juu ya mtu mwema, mama wa nyumbani, mwalimu, karani, fundi, asiyeiba wala kuchapisha, ila huomba aonyeshwe. Huyu hujiona yu nje ya jambo. Husema, "Mimi nimetazama tu. Sikuitengeneza, wala sikuituma. Nisipotazama mimi watatazama wengine." Je! ni kweli kwamba yu nje?

Umbea si mgeni kwetu. Wazee waliujua, kisimani, barazani, na jikoni penye arusi, wala hapana haja ya kujidanganya kwamba watu wa kale walikuwa malaika. Lakini umbea wa kale ulikuwa na mipaka miwili. Kwanza, maneno husahauliwa. Masika mawili yakipita, watu wana maneno mengine. Pili, aliyeyaleta alijulikana uso wake, na mwenye kusengenywa aliweza kumwendea na kumwuliza mbele ya wazee. Picha haisahau kitu. Iliyovuja jana yaweza kuonekana tena miaka kumi baadaye, siku mwenyewe anapoomba kazi au anapoposwa, tena bila kujulikana imetoka mkononi mwa nani.

Badiliko hili lilianza zamani kabla ya simu zetu. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ndogo aliyoiita Kodak, ambayo mtu asiye fundi aliishika mkononi, akapiga picha 100, kisha akairudisha kiwandani zisafishwe. Kabla yake mtu alipigwa picha kwa kukaa kimya mbele ya fundi, hali anajua kwamba anapigwa. Sasa aliweza kupigwa asijue, na magazeti ya miji mikubwa yakaona faida. Mwaka 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala katika jarida la sheria la Harvard, wakidai kwamba kila mtu ana haki ya kuachwa peke yake na mambo yake. Brandeis huyo baadaye, mwaka 1916, akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika makala yao hawakuwalaumu wenye magazeti tu. Waliona kwamba umbea umekwisha kuwa biashara, na ya kuwa msomaji alishwaye umbea kila siku hukosa nafasi moyoni ya mambo makubwa, tena hutaka kuongezewa. Hapo ndipo penye neno letu. Biashara ina watu wawili, auzaye na anunuaye, wala muuzaji hafungui duka mahali asipoulizwa kitu.

Mwisho wa Agosti 2014 jambo hili lilionekana wazi kuliko po pote. Picha za uchi za waigizaji na waimbaji wa kike wengi, hasa wa Marekani, zilimwagwa katika intaneti. Baadaye ilijulikana jinsi wezi walivyoingia katika akaunti za watu kama hao. Waliwaandikia barua pepe zilizojifanya kutoka kampuni ya Apple au Google, zikiuliza maneno yao ya siri, na baadhi yao wakadanganyika wakayatoa. Mmoja wa wezi hao, mtu wa Pennsylvania, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2016. Wote waliohukumiwa kwa kuingia katika akaunti hizo hawakufika hata kumi. Bali waliotazama hawahesabiki. Mwigizaji Jennifer Lawrence, mmoja wa walioibiwa, aliliambia jarida la Vanity Fair mwaka huo huo kwamba jambo hilo si kashfa, ni kosa la jinai la ngono. Akasema pia kwamba hata watu anaowapenda walimkiri wamezitazama, naye hakuwa amempa ye yote kati yao ruhusa ya kuutazama mwili wake. Angalieni, wasomaji: watu hao hawakuwa adui zake, bali walikuwa wakimpenda. Walidhani kwamba kwa kuwa mlango umekwisha kuvunjwa na mwingine, kuingia si kosa.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Wamarekani na matajiri wao. Basi natuje Afrika. Oktoba 2024, katika Guinea ya Ikweta, nchi ndogo ya pwani ya magharibi, alikamatwa mkuu wa idara ya serikali ichunguzayo uhalifu wa fedha, akituhumiwa kula fedha za umma. Jina lake hatuliandiki, maana kuliandika hapa ni kumwelekeza msomaji dukani. Simu na kompyuta zake zilichukuliwa. Siku chache baadaye, video alizojirekodi akiwa na wanawake mbalimbali, nyingine katika ofisi yake, zikaanza kuenea. Makamu wa rais akatangaza kwamba watumishi waliofanya mambo hayo katika ofisi za serikali watasimamishwa kazi. Lakini video zilikwisha kuvuka mipaka. Kwetu Afrika Mashariki, watu ambao siku zote hawakuweza kuionyesha nchi ile katika ramani walilijua jina la afisa huyo kwa muda wa siku mbili. Vichekesho vikatungwa, picha zake za kuchekesha zikapita kila kundi, na kilio cha "nitumie" kikajaa.

Watu walimcheka mwanamume. Lakini nyuso zilizoonekana katika video zile hazikuwa zake peke yake. Walikuwamo wanawake, wala hatukuwa na neno nao, wala hawakutukosea kitu. Kila mmoja ana mama, na pengine watoto waendao shule. Mwanamke wa namna hiyo aliamka asubuhi akakuta kwamba ametazamwa na watu wa miji asiyopata kuiona, wanaosema lugha asiyoijua, nao wanacheka. Hata kama alijua siku ile kwamba anarekodiwa, kukubali kurekodiwa na mtu mmoja si kukubali kutazamwa na bara zima. Kama alikosa, na wengine labda walikosa, makosa yake yalikuwa na wenyewe wa kuyaamua: jamaa yake, mumewe kama anaye, mwajiri wake. Sisi wa Tanga na Kisumu hatukuwamo.

Mtu mwenye akili ataniuliza hapa, "Je! tufumbe macho kwa kila jambo linalofichwa na wakubwa?" La, hasha. Habari ya fedha za umma ni habari ya umma, hata mwenye kuzila akitaka ifichwe. Hospitali isiyo na dawa na barabara iliyolipiwa isiyojengwa ni mambo yetu, na mwandishi ayafichuaye afanya kazi njema. Kipimo ni kuuliza kama jambo hilo lagusa amana aliyopewa mtu. Katika kisa hiki fedha ziligusa amana, na hata matumizi ya ofisi ya serikali yaweza kuulizwa. Lakini kuuliza hakuhitaji kutazama. Tena liko jambo la kustaajabisha. Agosti 2025 mahakama ilimhukumu afisa huyo kifungo cha miaka 8 kwa ajili ya fedha. Ni wangapi, katika wale waliokesha wakitafuta video, walioitafuta hukumu hiyo?

Sasa yafaa kueleza hamu hii yenyewe, maana mtu huishindaje asipoijua? Mwaka 1994 George Loewenstein, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliandika kwamba udadisi huzaliwa mtu anapotambua pengo kati ya analolijua na atakalo kulijua. Asiyejua kitu kabisa hana udadisi. Aliyeonjeshwa kidogo ndiye ateswaye. Ndiyo sababu wauzaji wa habari huandika, "Mke wa mwimbaji maarufu afumaniwa, hutaamini na nani," wakakata hapo. Nusu ya neno ni chambo. Tena Loewenstein aliyaona mambo mengine juu ya udadisi ambayo kila mmoja aweza kuyajaribu mwenyewe. Huja kwa nguvu nyingi, humsukuma mtu atende bila kufikiri, hupita upesi, na unaposhibishwa mara nyingi huacha moyo mtupu. Aliyetafuta video saa nzima huitazama kwa dakika moja, kisha hujiuliza, "Ndiyo hii tu?" Hapo hutafuta nyingine.

Pengine hata hiyo moja hapana. Februari 2001 kijana wa Uholanzi alieneza barua pepe duniani iliyoahidi picha ya Anna Kournikova, mcheza tenisi wa Urusi aliyesifiwa sana kwa uzuri. Watu wakabonyeza. Ndani hamkuwa na picha yo yote; mlikuwa na programu iliyoituma barua hiyo hiyo kwa kila mtu aliyeandikwa katika kitabu cha anwani cha mpokeaji, hata mitambo ya barua ya makampuni makubwa ikalemewa. Leo werevu ni ule ule. Kiungo chaahidi video ya mtu mashuhuri, nacho chauliza kwanza namba yako, au neno lako la siri, au chakutaka uweke programu fulani katika simu. Wezi hawa hawana haja ya kutoboa ukuta. Wanatusubiri tuwafungulie kwa mikono yetu.

Turudi kwenye lile neno kwamba hamu hupita upesi, kwa kuwa hapo ndipo penye msaada. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa na makundi nchini India kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliopita kwa simu, wenye WhatsApp walipunguza idadi ya makundi ambayo mtu aweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja. Mwaka 2019 wakaweka mpaka wa tano kwa dunia nzima. Aprili 2020 wakaongeza sharti: ujumbe uliokwisha kupitishwa mikononi mwa watu mara nyingi usipelekwe ila kwa mtu au kundi moja kila mara. Fikirini jinsi kizuizi hiki kilivyo chepesi. Hakumkataza mtu kutuma. Alitaka kutuma mara ishirini, aliweza, ila abonyeze mara ishirini. Hata hivyo katika majuma machache kampuni ilitangaza kwamba jumbe za namna hiyo zimepungua kwa asilimia 70. Kumbe jambo tulilodhani ni kiu kubwa lilikuwa mkono mwepesi tu, ukapoa ulipocheleweshwa kidogo.

Basi mtu aweza kujiwekea vizuizi vyake mwenyewe. Simu ikileta kitu cha namna hiyo, asikifungue papo hapo. Aiweke chini, akamalize kuosha vyombo au kufunga hesabu ya duka, na baada ya nusu saa akifute bila kukifungua. Mara nyingi atakuta hamu imekwisha ondoka bila kuaga. Afunge pia ule mpango wa WhatsApp wa kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Wengi hawajui kwamba kila kinachotumwa katika kundi chaweza kujihifadhi pamoja na picha za arusi na za watoto, hata mtoto wa miaka sita aliyepewa simu acheze akakikuta.

Liko kundi moja la watu ambalo ningependa kulisema kwa upole, lakini lisemwe. Ni wale wapelekao aibu za wengine kwa jina la maonyo. Huandika juu yake, "Jamani, dunia imekwisha! Tazameni binti huyu alivyojidhalilisha, tuwafunze watoto wetu," na chini yake huiweka video yenyewe. Wapokeaji hutazama kwa huzuni, wakatikisa vichwa, wakaipeleka kundi la kwaya, ambalo nalo likaipeleka kwa akina mama wa kikoba. Naona watu hawa hueneza kuliko vijana wenye kiu ya uchafu, kwa sababu kijana hujificha, bali huyu hutuma mchana, mbele ya watu wote, akijihesabia wema. Atakaye kuwaonya watoto aweza kuwaonya kwa maneno. Hakuna mtoto aliyehitaji kuuona mwili wa binti wa watu ili afunzwe haya.

Kumjibu mwenye kutuma si kazi rahisi, hasa akiwa mkubwa. Mpwa hawezi kumkemea shangazi yake mbele ya ukoo mzima, wala haifai. Kukemea ndani ya kundi kwaweza hata kuzidisha moto, maana waliokuwa hawajaiona huiendea wajue kelele ni za nini. Njia iliyo nyepesi ni kumwandikia peke yake: "Shikamoo shangazi. Ile video ya asubuhi, naomba uifute kundini. Yule ni mtoto wa mtu, na akina Baraka wanashika simu za mama zao." Maneno hayo hayamwiti mtu mwovu, naye hupata njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Na akuulizaye wewe, "Umeiona?" jibu fupi latosha: "Sijaiona, wala siitaki. Habari za nyumbani?" Mazungumzo ya umbea hufa yakikosa wa kuyashika mkono wa pili.

Wako wanaodhani kwamba kupeleka mbele kilichotoka kwa mwingine hakuna hatia mbele ya serikali. Wajihadhari. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliweka faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, kwa mtu apelekaye au asambazaye picha ya faragha ya mwingine. Wala haikusema kwamba ni yule wa kwanza tu. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, inayokataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya kompyuta.

Na ikiwa picha iliyovuja ni ya mtu wa nyumba yako? Neno la kwanza litakalotoka kinywani mwa mzazi ndilo litakaloamua kama mtoto atasema yote au ataficha yaliyobaki. Maswali ya "Ulikuwa na nani?" na "Kwa nini ulipiga?" yaweza kungoja kesho. Kwanza ajue kwamba halali peke yake usiku huo, na ya kuwa simu yake haichukuliwi kama adhabu, maana ushahidi umo ndani yake: jumbe za aliyemtisha, namba yake, tarehe. Zitunzwe hizo, wala asilipwe fedha atishaye, kwa kuwa akilipwa mara moja hurudi. Kisha uko msaada ambao wengi hawajausikia. Tangu Desemba 2021 yapo makao yaitwayo StopNCII.org, yaliyoanzishwa Uingereza, kwa watu waliotimiza miaka 18. Na tangu Februari 2023 yapo mengine ya Marekani yaitwayo Take It Down, kwa picha za mtu zilizopigwa kabla hajatimiza miaka hiyo. Mwenye picha huichagua katika simu yake mwenyewe, na humo humo hutengenezwa alama ya tarakimu, mfano wa alama ya kidole, isiyoweza kugeuzwa kuwa picha tena. Alama hiyo peke yake ndiyo ipelekwayo kwa makampuni yaliyokubali kushiriki, kama Facebook na Instagram, nayo huitumia kuitambua picha hiyo ikiwekwa kwao, waizuie. Kazi hiyo haitozwi fedha, na kwa hiyo hapana mtu ye yote, hata yule asaidiaye, ahitajiye kuitazama picha yenyewe.